Mgonjwa wa Kiharusi Akishavuka Geti la Hospitali

(Hotuba hii niliitoa Moshi, mbele ya wauguzi, maafisa ustawi wa jamii, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na familia zinazouguza. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, nikipunguza marudio tu.)

Wazee wangu, shikamooni. Wauguzi wenzangu, habari za kazi. Na ninyi mnaouguza nyumbani, ambao naona mmekaa viti vya nyuma kabisa kana kwamba mmekuja kusikiliza mambo ya wakubwa: sogeeni mbele, nafasi ipo. Wenye mkutano ni ninyi.

Nataka tuanze na karatasi. Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa, ndugu wanaondoka na karatasi moja. Imeandikwa majina ya dawa, tarehe ya kurudi kliniki, na mstari mmoja chini: aendelee na mazoezi. Tuseme mgonjwa ni mzee wa miaka 62, alikuwa dereva wa lori, upande wa kulia umepooza na maneno yanamtoka kwa shida. Anayekuja kumchukua ni mpwa wake mwenye gari. Muuguzi anamweleza mpwa kila kitu, vizuri kabisa. Mpwa anaitikia. Jioni anamshusha mzee Machame na kugeuza gari, kesho ana kazi. Atakayemlaza mzee usiku ule ni mke wake, ambaye hakusikia hata neno moja. Atakayenunua dawa ni mtoto wa kiume aliyeko Dar es Salaam. Karatasi yenyewe imewekwa ndani ya Biblia isipotee, na huko haipotei kweli, ila haisomwi pia.

Hakuna aliyekosea hapo. Daktari ametibu, muuguzi ameelekeza, mpwa amebeba, mama amepokea, kijana ametuma hela. Lakini hesabuni watu wanaohitajika kwa mzee huyu katika miezi mitatu ijayo. Kliniki ya presha. Kliniki ya kisukari, kama anacho. Fiziotherapia. Mtu wa kumwelekeza mama namna ya kumlisha. Dirisha la bima. Afisa ustawi wa jamii, kama hela imekata. Mwenyekiti wa kitongoji, kwa barua ya utambulisho. Aliyekuwa mwajiri wake. Kila mmoja ana kipande chake na anakijua. Kazi ya kuuliza kama vipande vyote vimefika nyumbani kwa mzee haijaandikwa kwenye majukumu ya mtu yeyote.

Ninayoiombea leo ni kazi hiyo. Tuiite uratibu wa mgonjwa. Maana yake ni mtu mmoja, mwenye jina na namba ya simu, anayekabidhiwa mgonjwa kabla hajatoka wodini na kwenda naye miezi sita. Hahitaji kuwa daktari. Anahitaji kuwa na daftari, simu yenye salio, na ruhusa ya kumsumbua daktari inapobidi. Hilo la ruhusa nitalirudia, kwa sababu ndilo linalosahaulika.

Kuna watakaosema kiharusi ni ugonjwa wa Ulaya na wa matajiri, tuna malaria na kina mama wajawazito kwanza. Niwakumbushe kwamba moja ya tafiti kubwa za kiharusi Afrika imefanyika hapa jirani, wilayani Hai, pamoja na Dar es Salaam, kati ya Juni 2003 na Juni 2006. Wahesabuji walipita nyumba kwa nyumba. Hesabu iliporekebishwa kwa umri, ili sehemu zenye vijana wengi na zenye wazee wengi zilinganishwe kwa haki, Hai ilionekana na wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilikuwa 315.9, kiwango kinachozidi cha nchi nyingi tajiri. Sasa nani asiyejua kwamba watoto wa Hai, Kibosho na Rombo ndio hao hao wanaoishi Dar? Wakipooza huko, wengi wanarudishwa kuuguziwa nyumbani, kwa mama aliyekwisha zeeka.

Nirudi kwa mratibu na kazi yake ya kwanza. Wengi wakisikia "kumfuatilia mgonjwa" wanafikiri ni kumtembelea, kumpa moyo, kumpelekea machungwa. Ni vizuri, majirani wanafanya hivyo na wafanye. Mratibu akiingia ndani ya nyumba, kitu cha kwanza ni presha na dawa. Katika nchi zenye kumbukumbu ndefu, kama Uingereza na Marekani, karibu kiharusi kimoja katika kila vinne kinampata mtu aliyekwisha kupata kingine kabla. Na kinachokirudisha, mara nyingi, ni presha iliyoachwa ipande.

Kwa nini inaachwa? Sisi tumelelewa na malaria. Dawa ina dozi, dozi ina mwisho, ukimaliza umepona. Mtu anapewa vidonge vya mwezi mmoja, anavimeza kwa uaminifu mkubwa, vinaisha, anamshukuru Mungu, anaendelea na maisha. Hakukaidi. Alimaliza dozi! Mwingine anapimwa anakutwa 128 kwa 78, anaambiwa presha iko sawa, na "iko sawa" anaielewa kwamba ugonjwa umeondoka. Hakuna aliyemwambia kwamba iko sawa kwa sababu ya vidonge vile. Mwingine anameza siku kichwa kinapouma tu. Mambo haya hayaonekani kliniki. Yanaonekana ukiomba uoneshwe pakiti za dawa, ukahesabu vidonge vilivyobaki, na ukauliza bila ukali ni nani hununua vikiisha.

Halafu kuna suala la aspirini, na hapa naomba utulivu. Kiharusi ni cha aina mbili. Kipo cha mshipa wa damu kuziba kwenye ubongo, na kipo cha mshipa kupasuka damu ikavuja. Wa kwanza kwa kawaida anapewa aspirini ili damu isigande tena. Wa pili, dawa hiyo hiyo inaweza kumletea madhara makubwa, hivyo haitumii bila daktari kuamua. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, wote wamepooza upande. Kinachotofautisha ni kipimo cha CT, ile picha ya ndani ya kichwa. Sasa jirani anakuja na ushauri: mume wangu naye alipooza, alipewa hivi vidogo vyeupe, chukua. Kwa hiyo naomba, kwa kila mgonjwa, daftari la mratibu liandikwe kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza: KUZIBA, au KUPASUKA, au HAJAPIMWA. Hili la tatu ni muhimu kama mawili ya kwanza. Wapo wengi ambao kipimo hakikupatikana au hela haikutosha, na familia haijui kwamba jambo hilo halijulikani.

Baada ya dawa, ndipo tunaingia chumbani.

Akina mama, nani amewahi kumwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza? Msinyooshe, najua ni wengi. Bega lililopooza halina misuli ya kulishikilia. Ukilivuta, linashuka kutoka mahali pake na maumivu yake hukaa miezi. Mgonjwa akishaumwa bega hataki kuguswa, na asipotaka kuguswa hafanyi mazoezi, na asipofanya mazoezi mkono unakakamaa. Yote hayo yameanzia asubuhi moja ya kumwinua kitandani kwa haraka. Mshike kwenye nyonga na nyuma ya bega, mgeuze kwanza alale ubavu, teremsha miguu, ndipo umwinue. Dakika tano za kuonyeshana. Lakini anayetakiwa kuonyeshwa ni huyu mama aliyeko Machame, si mpwa mwenye gari.

Chakula vilevile. Kiharusi kinaweza kuharibu kumeza, na maji au chai nyepesi ndivyo vinavyopalia upesi kuliko chakula kizito. Vikiingia kwenye mapafu vinaleta nimonia, na nimonia huua wengi waliosalimika na kiharusi chenyewe. Sisi watu wa mlimani tuna bahati ya mtori, supu yetu ya ndizi na nyama. Ukipondwa ukalainika, bila vipande vya nyama, kwa wengi unamezeka vizuri kuliko uji mwepesi. Mgonjwa akae wima, alishwe kijiko kidogo, ameze kwanza ndipo apewe kingine, na asilazwe nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti ikawa kama ina maji kooni, acha, piga simu kwa mratibu siku hiyo hiyo. Msisubiri tarehe ya kliniki. Na chumvi kwenye huo mtori, mnajua wenyewe.

Kugeuzwa kila baada ya saa mbili kwa asiyejigeuza, hilo mmeshaambiwa wodini. Ninachoongeza ni kwamba mama mmoja hawezi kulifanya usiku na mchana peke yake, kwa hiyo mratibu asiulize "mnamgeuza?" Ataambiwa ndiyo. Aulize nani anamgeuza saa nane usiku.

Na choo. Mnacheka, lakini wanaume wengi wazima wameacha kula vizuri kwa kuogopa choo. Choo cha shimo kinataka kuchuchumaa, na mguu mmoja haufanyi kazi. Fundi seremala wa kijijini anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu kwa siku moja, na upau wa kushikilia ukutani. Hiki ndicho kifaa kinachorudisha heshima ya mtu mapema kuliko kingine chochote ninachokijua, na sijawahi kukiona kimeandikwa kwenye karatasi ya kuruhusiwa.

Sasa familia. Siku hizi kila familia ina grupu la WhatsApp. Baba akipooza grupu linajaa: pole mama, tuko pamoja, Mungu ni mwema, na video za dawa za mitishamba. Watu 23 ndani ya grupu na dawa zimeisha tangu Jumanne. Mratibu awaombe wateue watu wawili: msemaji mmoja, anayepokea simu na kuamua, na mtunza hela mmoja. Michango iwe ya mwezi, iliyotajwa, kwa sababu kiharusi si msiba wa wiki moja ambao mtachanga mkatawanyika. Nimeona familia zenye uwezo zikishindwa kwa kukosa msemaji, na familia za hali ya chini zikiuguza vizuri kwa sababu dada mmoja tu alishika usukani.

Huyo dada naye ana mwili. Mratibu akipima presha ya mgonjwa, ampime na anayeuguza, pale pale, na mashine ile ile. Utashangaa. Ukikuta ni binti wa kidato cha tatu aliyeachishwa shule ili amtunze babu, basi hilo si jambo la kusifia kwamba ana moyo. Ni jambo la kumpigia simu afisa ustawi wa jamii.

Kuhusu mgonjwa asiyeweza kusema. Ubongo unaoharibika upande wa kushoto mara nyingi huchukua na maneno. Anaelewa, au anaelewa sehemu, lakini neno halitoki, au linatoka lingine. Huyu si kichaa, hajarudi utotoni, na kumpigia kelele hakusaidii, masikio yake yapo. Mwulize maswali ya ndiyo au hapana, mpe muda. Wataalamu wa matamshi ni wachache mno nchini, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii itafanyika nyumbani, kwa subira tu. Lakini kuna hatari ambayo nitaisema wazi kwa sababu tuko Kilimanjaro. Mzee asiyeweza kusema ana kihamba, shamba la ukoo. Ana namba ya siri ya simu ambayo hakuna mwingine anayeijua. Anatokea mtu na karatasi, anashika kile kidole gumba kilichopooza, anakigandamiza kwenye wino. Wauguzi, mkiona karatasi za shamba zinasainiwa wodini au wiki ya kwanza nyumbani, msiseme ni mambo ya kifamilia. Mwiteni afisa ustawi. Atajua aanzie kwa nani.

Kingine kinachojificha ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Karibu mmoja kati ya watatu wanaosalimika na kiharusi anaipata. Nyumbani inaitwa ukaidi: hataki mazoezi, hataki kula, amegeukia ukutani, analia bila sababu. Inatibika. Na mtu mwenye sonona iliyotibiwa anaanza mazoezi ambayo mlimbembeleza miezi mitatu.

Sitagombana na maombi, na sitatumia muda wangu kubishana kuhusu jini na upepo mbaya. Watu wakiogopa wanakwenda wanakoenda. Mratibu amjue mchungaji, shehe au mganga wa familia ile na amwombe jambo moja tu: asimwambie mgonjwa aache vidonge. Wengi wanakubali wakiombwa kwa heshima.

Je, mambo haya yanafanya kazi? Hapa nitawavunja moyo kidogo. Mwaka 2010 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, walipitia majaribio 16, yenye washiriki zaidi ya 4,700, kuhusu wafanyakazi wanaofuatilia wagonjwa wa kiharusi baada ya kutoka hospitali. Kwa wote kwa pamoja, tofauti kubwa haikuonekana. Iliyoonekana ni kwa wale wenye ulemavu mdogo na wa kati: hao utegemezi wao, yaani kuhitaji kusaidiwa na wengine, ulipungua. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya jaribio la India, hospitali 14, wagonjwa 1,250, ambapo ndugu walifundishwa kufanya mazoezi tiba nyumbani. Baada ya miezi sita, vifo na utegemezi vilikuwa sawa na kwa wale ambao ndugu zao hawakufundishwa. Upande mwingine kuna Austria, Innsbruck na Vienna, ambako wagonjwa zaidi ya 2,100, wengi wa kiharusi chepesi, walilinganishwa. Waliofuatiliwa na timu iliyodhibiti presha na dawa na kuwapima upya baada ya miezi mitatu, asilimia 5.4 walipata tukio jingine la moyo au mishipa ndani ya mwaka. Wasiofuatiliwa hivyo walikuwa asilimia 8.3.

Mimi nazisoma hivi, na mnaruhusiwa kunipinga. Kuitupia familia kazi yote kwa jina la mafunzo hakutoshi. Kumtuma mtu mwenye moyo mzuri lakini asiye na uwezo wa kubadilisha dawa, hakutoshi. Nchi zao si kama yetu, najua, wao hata yule "asiyefuatiliwa" ana daktari wake wa mtaani na dawa hazimkatikii. Lakini somo moja linavuka bahari: mratibu asiye na daktari nyuma yake ni mgeni tu aliyekuja kusalimia. Akikuta presha 190, lazima awe na namba ya kupiga na mtu wa kupokea. Hiyo ndiyo ruhusa niliyosema nitairudia.

Tutawatoa wapi watu? Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa 137,294 kwa miaka mitano, wawili kila kitongoji na kila mtaa. Wakenya wenzetu walitangulia miezi michache, Septemba 2023, kwa watu 100,000 waliopewa mkoba wenye mashine ya presha ndani. Watu hawa ni hazina, lakini tusiwalimbikizie. Muhudumu huyo huyo ana wajawazito, ana kifua kikuu, ana chanjo. Pendekezo langu ni kwamba mratibu awe muuguzi wa wodi, aliyemjua mgonjwa akiwa kitandani, na muhudumu wa kitongoji awe jicho lake nyumbani. Muuguzi anapiga simu siku ya pili au ya tatu baada ya kuruhusiwa, kwa sababu hapo ndipo maswali yamejaa na makosa bado ni madogo. Muhudumu anafika ndani ya wiki ya kwanza, na mashine. Kisha wiki ya pili, mwezi, miezi mitatu, na miezi sita wanakaa na familia kuangalia nini kimerudi na nini hakitarudi.

Hicho cha mwisho kisemwe pia. Wapo ambao mkono hautarudi. Wapo ambao hawatafika mwezi wa sita, na familia inastahili kuambiwa mapema na mtu inayemwamini, ili wasiuze ng'ombe na kihamba wakimzungusha mgonjwa hospitali saba wakitafuta ambacho hakipo. Huo nao ni uratibu.

Gharama? Daftari kubwa moja. Simu moja ya wodi, si simu binafsi ya muuguzi, kwa sababu muuguzi akienda likizo namba isiende naye. Salio la mwezi. Mashine za presha zikaguliwe, baadhi mnazotumia zinadanganya na mnajua. Saa za kupiga simu ziingizwe kwenye ratiba ya zamu kama saa za kugawa dawa, la sivyo itafanywa na yule mwenye huruma hadi achoke.

Nimeambiwa chakula kiko tayari, basi. Wauguzi wa wodi na wahudumu wa vitongoji vya Hai, naomba mbaki dakika chache mbele hapa. Tuna majina ya wagonjwa watakaoruhusiwa wiki ijayo, na tunataka kupanga nani anashika simu kuanzia Jumatatu.